Mzeituni wa mjomba na ule mzizi niliokata bila kuuangalia

Kila anaeingia uani kwetu hapa Ngamiani lazima aulize ule mti ulioko kwenye meza pembeni ya tanki la maji, alafu ukimwambia ni mzeituni anakataa, anasema mzeituni uko Palestina na Uturuki huko, Tanga umefikaje. Basi leo nimekaa niandike yote, kuanzia siku nilivoung'oa shambani kwa mjomba mpaka ulivyo saivi, na zaidi nataka kuandika habari ya mzizi mmoja tu, maana ningeambiwa mapema kuhusu huo mzizi mti huu ungekua na sura nyingine kabisa.

Kwanza mzeituni tunao. Sio ule wa mafuta ya dukani lakini ni ndugu yake wa damu, mzeituni mwitu, unaota milimani huku kwetu Usambara, Kilimanjaro, Meru, unapanda mpaka Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Wamasai wanaujua sana, vijinga vyake ndo wanavyosafishia vibuyu vya maziwa. Ukitaka kuutambua geuza jani: wa Ulaya kwa chini una rangi kama ya fedha, huu wetu kwa chini una rangi ya dhahabu iliyofifia, ukipigwa na upepo mti mzima unabadilika rangi mbele ya macho yako. Matunda yake ni madogo kama njegere, nyama kidogo kokwa kubwa. Afrika Kusini wanaotengeneza bonsai, yaani miti inayolelewa midogo kwenye vyungu ionekane kama mti mkubwa uliozeeka, wanaupenda mno na wana sababu, ni mti mgumu, ukiukata mpaka ubaki gogo tupu bado unachipua kwenye ganda la zamani, na majani yake yanapungua ukubwa kila unavyozidi kupogoa.

Mjomba ana shamba Lushoto, ukipita Soni unapandisha. Mwaka 2019 alikua anasafisha ukingo wa shamba apande viazi, akanipigia simu akaniambia mwanangu si wewe unapenda kuhangaika na miti kwenye vyungu, njoo kuna kisiki hapa kinanisumbua, usipokuja nakichoma mkaa. Nilipofika nikakiona nikanyamaza kabisa. Kilikua kimekatwa kuni miaka na miaka, kikachipua, mbuzi wakala, kikachipua tena, kikakatwa tena, shina limenenepa chini kama paja la mtu mzima lakini urefu haufiki kiunoni, limejikunja na lina mabonde na vinundu. Hicho kitu huwezi kukitengeneza kitaluni hata ukipewa miaka 30. (Na niseme hapa hapa, hili ni shamba la mtu na mwenyewe alitaka kiondoke. Usiende kung'oa miti Magamba au msitu wowote wa hifadhi, ni kosa kisheria na pia ni kuuharibia mlima wetu.)

Ilikua mwezi wa tatu, mvua za masika zinakaribia, wakati mzuri. Tulichimba kuzunguka mimi na mjomba tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Na hapo ndo nilipokosea. Kulikua na mzizi mmoja mnene upande wa kule jua linapochomoza, umetoka kwenye shina ukaenda mbali kama mita moja ndo ukaanza kuzama, na mimi nilikuja na boksi la mbao nililochonga nyumbani la sentimita 60 kwa 60, huo mzizi haukuingia. Nikachukua msumeno nikaukata karibu kabisa na shina. Mjomba alikua amesimama pale anaangalia, hakusema neno. Mizizi mingine mitano niliiacha mirefu kidogo, matawi yote nikayafupisha, lile tawi zuri la upande wa mashariki nikaliacha refu kwa sababu tayari kichwani nilishaamua ndo litakua tawi la kwanza la bonsai yangu.

Tukakifunga kwa gunia lililoloweshwa, nikashuka nacho Mombo, Korogwe, Segera, Muheza mpaka Tanga, kondakta alinilipisha nauli ya mzigo na nililipa bila kubishana.

Nyumbani nilikipanda kwenye mchanganyiko wa vipande vya matofali ya kuchoma niliyovunja na nyundo nikachekecha nikatoa vumbi lote, na kokoto ndogo, na usumba kidogo wa makumbi ya nazi kushika unyevu. Mchanga wa bahari sikugusa, una chumvi. Shina lote nikalifunika na mfuko wa plastiki mwangavu ili lisikauke, nikaweka kivulini, alafu nikasubiri. Wiki ya saba machipukizi yakaanza kutoka kama vichwa vya kiberiti, kila mahali, kwenye shina, kwenye makovu ya zamani, nilikua naamka alfajiri baada ya kuswali naenda kuyahesabu na tochi. Bibi akawa anakuja na kigoda anakaa nae pale, anasema huu ni mti uliobarikiwa, usiuachie kiu.

Lakini lile tawi la mashariki kimya. Mwezi wa tatu tangu nipande, kimya. Nikakwangua ganda kidogo na kucha, chini ni kahawia, kavu. Nikakwangua chini yake, kavu. Nikaendelea kushuka hivohivo na kucha, kavu, kavu, mpaka nikafika kwenye lile jeraha la mzizi niliokata. Ukanda mzima wa ganda, upana kama vidole vinne, kutoka kwenye mzizi unapanda shina kwa kujizungusha mpaka kwenye tawi, umekufa. Pembeni yake kushoto na kulia ni kijani kibichi kabisa.

Nililia, sioni aibu kusema.

Ndo nikajua kitu ambacho watu wa mizeituni wanakijua zamani. Kuna miti ukikata mzizi mmoja mingine inagawana kazi, maji yanazunguka yanafika kila mahali. Mzeituni hasa uliozeeka hauko hivo. Shina lake ni kama kamba iliyosokotwa, kila uzi una mzizi wake chini na tawi lake juu, mzizi huu unalisha tawi hili na sio lile, kwahiyo ukikata mzizi umekata na tawi lake, na ukikata tawi kubwa mzizi wake nao unadhoofika. Hiyo mizeituni mikongwe unayoiona kwenye picha za Ugiriki na Italia, iliyotoboka katikati na kugawanyika kama miguu, ni mishipa iliyobaki hai baada ya mingine kufa, kila mmoja unajitegemea. Kwahiyo kabla hujaweka msumeno fuata mshipa kwa kidole. Anzia juu kwenye tawi unalolitaka, shuka nao, shina lina migongo na mabonde, mgongo ndo mshipa, utakupeleka mpaka kwenye mzizi wake. Huo mzizi usiuguse hata kama boksi ni dogo, tafuta boksi lingine.

Miaka miwili sikuugusa mti zaidi ya kumwagilia na kulisha. Watu wanakosa subira hapa, wanataka kukiweka kisiki kwenye chungu cha maonyesho wakati bado kinauguza mizizi. Niliacha matawi yakue marefu mpaka yapite ukuta, tawi likiwa refu ndo linanenepa na kovu linafunika haraka. Mbolea natumia mashudu ya alizeti, naweka vitonge juu ya udongo vinaoza taratibu, Wajapani nao wanatumia mashudu ya mbegu zao hivohivo.

Mwaka 2021 nikakaa chini na mti nikauzungusha wiki nzima kabla ya kufanya chochote. Mbele niliyoipanga mwanzo, yaani upande wa kutazamwa, ilikua imeshakufa pamoja na tawi lake. Lakini nilipouzungusha robo, ule ukanda mkavu ukaonekana unaanzia chini kushoto, unapanda kwa kujipinda, unapotelea nyuma ya shina kwa juu, na mishipa hai pande mbili ilikua imeanza kuvimba kama misuli ya mtu anaebeba gunia. Nikasema hapa ndo mbele. Nilibandua ganda lililokufa lote kwa kisu na patasi ndogo, nikafuata nyuzi za mti zinavotaka zenyewe, alafu brashi ya waya. Sikutumia grainda, grainda inaacha alama za duara na mti unaonekana umechongwa na fundi samani.

Tatizo la kwetu pwani ni unyevu na mchwa. Vitabu vyote vinasema mti wa mzeituni mgumu hauozi, huko kwao labda, hapa mvua ya masika ikipiga miezi miwili ule ukanda unaota ukungu mweusi na chini kwenye udongo unaanza kulainika. Natumia maji ya chokaa na salfa, napaka kwa mswaki siku ya jua kali, yanakua ya njano yananuka mayai viza, siku chache tu yanageuka meupe kama mfupa. Fanyia nje kwenye upepo, funga pua, funika udongo na mfuko yasidondokee mizizi, na usiyachanganye kabisa na kitu chochote kichachu kama siki au ndimu, inatoka gesi ya sumu. Mchwa nimewaweza kwa kuweka miguu ya meza kwenye makopo yenye oili chafu.

Waya nao una habari yake. Waya wa bonsai wa aluminiam kuagiza ni ghali, kwahiyo nanunua mabaki ya nyaya za shaba kwa mafundi umeme, navua plastiki, alafu naziweka kwenye jiko la mkaa mpaka ziwe nyekundu iliyofifia, natoa zipoe zenyewe. Shaba iliyochomwa hivo inakua laini kama mkufu, ukishaikunja kwenye tawi inakaza tena yenyewe na inashika kuliko aluminiam. Zungusha kwa mlalo wa digrii 45, unene kama theluthi ya tawi. Matawi ya mzeituni yanakunjika yakiwa machanga tu, likishazidi unene wa kidole linavunjika puu bila taarifa, nimepoteza mawili. Na huku kwetu mti haulali, hauna baridi ya kuusimamisha, kwahiyo waya unazama kwenye ganda haraka, mimi naangalia kila wiki na mengi natoa baada ya miezi mitatu au minne.

Kuhusu umbo, sipendi kuulazimisha mzeituni uwe kama msonobari wa Japani, pembetatu ya kunyooka na vitawi vilivyopangwa kama ngazi. Ukiuangalia mzeituni uliozeeka kule milimani kichwa chake ni duara, mawingu mawili matatu yamekaribiana, matawi ya chini yanainuka kwanza ndo yanalala. Hivo ndo nnavyoutaka. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, nasubiri kichipukizi kifike jozi nne nakata nabakisha moja, panatoka viwili, navyo naviacha nakata tena, ukifanya hivo miaka minne unapata kichwa kizito na majani yamekua madogo hayafiki hata nusu ya yale ya kwanza. Jua la siku nzima. Maji wakati wa kaskazi mwezi wa kwanza na wa pili ni kila siku, masika nauinamisha upande kidogo yasituame. Maua sijayaona na siyasubirii, mzeituni unataka baridi ndo uchanue na Tanga hiyo baridi hatuna.

Mwezi uliopita mjomba alishuka kuja hospitali akalala kwetu. Hajauona mti tangu siku ile. Baada ya chai akatoka uani na fimbo yake, akauzunguka mara mbili, akainama akaweka kidole palepale kwenye kisiki cha mzizi, saivi kimeshakua cheupe laini. Akasema, "Hapa ndo ulipokata." Nikamwambia ndio mjomba. Akasema siku ile aliona lile tawi na ule mzizi viko mstari mmoja, ila alidhani mimi nimesomea, ndo mana akanyamaza.

Tukakaa kimya kidogo. Alafu akaniambia kuna kisiki kingine chini kwenye korongo la shamba lake, kikubwa kuliko hiki, kimepasuka katikati, na amekwisha chimba mtaro upande mmoja tu wa kule mlimani akaufukia na mboji ili kitoe mizizi myembamba karibu na shina, upande wa pili anataka mwakani. Hajakata mzizi hata mmoja mnene, kaifunga vitambaa vyekundu ili akionyeshwa upi unaenda wapi asisahau.

Naenda Lushoto mwezi wa tatu. Boksi la safari hii nimelichonga sentimita 90.