Komfrei nimeipeleka nyuma ya bafu

Wakulima wenzangu wa Mtwara, ile komfrei (mmea wa majani mapana ninaoutumia kwa mbolea) nimeamua inakaa nyuma ya bafu la nje, pale kwenye migomba, na haihami tena. Maana huu mmea ukishaupanda umepanda, mzizi unashuka hata mita 2 na jembe likikata kipande kidogo tu kinachipua upya, sasa uweke katikati ya matuta ya mihogo unayolima kila mwaka si utajitafutia kazi ya maisha 😂

Mchanga wetu huu wa pwani nao haushiki maji kabisa, na jua la mwezi wa kumi mnalijua, ndo maana nikataka sehemu yenye kivuli kidogo na unyevu wa maji ya kuogea, nikajaza na samadi ya mbuzi basi.

Mama mkubwa alitaka iwe mbele karibu na mchicha eti maua yake mazuri, nikamwambia hapana mama, mtoto akitumwa mboga akachuma hayo majani je? Yana sumu ya ini yale, hayaliwi.

Kazi yake ni mbolea. Majani yana potasiamu nyingi (kirutubisho cha mimea), nayakata natandika chini ya mpapai (vaa glavu, yana vimanyoya vinawasha), mengine naloweka kwenye ndoo wiki kadhaa halafu nazimua na maji mengi namwagia nyanya. Ila harufu yake jamani, funika ndoo, majirani watakushitaki kwa mjumbe.

Anayetaka kipande cha mzizi aje mvua zikianza.