Saa ya Maskati kwenye harusi ya Ngamiani

Mdogo wangu yuko Maskati. Harusi ya mpwa wetu ilipokaribia akakosa likizo, na mtu wa Pwani akikosa harusi ya damu yake hujikomboa kwa mzigo. Ukaja mzigo: udi, marashi, mashuka, na chini kabisa kiboksi cheusi kimeandikwa jina langu. Kumbe ni saa janja. Akanitumia na ujumbe wa sauti: "Kaka, najua wewe ndiye utakayekimbizana na mambo yote. Vaa hiyo. Inapima moyo, presha, sukari, usingizi, kila kitu."

Sikuwa nimevaa saa ya aina yoyote tangu simu zilipotuzoesha kutazama wakati humo humo. Nikaivaa kumridhisha. Na ilinipendeza mkononi, sikatai.

Alhamisi, siku moja kabla ya nikaha, nilitoka Ngamiani kumepambazuka kidogo tu, nikawahi mnada wa samaki pale Deep Sea. Wanaoijua Tanga wanajua mji ni tambarare na baiskeli ndiyo usafiri wa kila mtu, mwalimu, muuza mkate na shehe. Nikarudi na changu wamefungwa kwenye keria, nikapitia Mgandini kufuata vitunguu na bizari, nikakata tena hadi Chumbageni kumhimiza mpishi ambaye tangu jana yake alikuwa "yuko njiani". Jasho lilinitiririka mpaka chini ya mkanda wa saa. Ndipo nilipoegemeza baiskeli ukutani kwetu, saa ikatetemeka. Natazama, naona kikatuni cha mtu amejikalia kitini, na maneno ya kunikumbusha kwamba nimekaa muda mrefu bila kujongea, ninyanyuke ninyooshe viungo.

Hatua za asubuhi yote ile zilikuwa elfu moja na ushei. Baadaye nilielewa kinachofanyika. Saa huhesabu kwa kihisi cha mwendo: mkono ukibembea inajua mguu umetupwa. Mkono wa mwendesha baiskeli umeshika usukani, haubembei, kwa hiyo kwa saa mtu huyo amepumzika. Kuna mahali unaweza kuiambia kwamba sasa unaendesha baiskeli, ukabonyeza, ukasubiri ishike setilaiti. Sasa nani atakumbuka hayo na samaki wako juani?

Uani, shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa juu ya mbuzi na rundo la nazi mbele yake. Wali wa mkesha ulikuwa wa nazi, na shangazi haamini nazi iliyokunwa na mashine ya sokoni. Anasema inatoka na ladha ya chuma. Aliponiona nainung'unikia saa akanyoosha mkono.

"Hebu lete hicho kidude cha Maskati nikione."

Nikamfunga mkono wa kulia. Akakitazama, akaguna, akaendelea na kazi yake. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kifuu kinazungushwa kidogo kidogo na mkono wa kushoto, machicha yakidondoka kwenye sinia kama manyoya. Mimi nikaenda zangu kugombana na watu wa turubai. Niliporudi kulikuwa na kelele uani. Saa ilikuwa imetetemeka mkononi mwake, naye akaachia kifuu kikaviringika hadi miguuni mwa wenzake.

"Ala! Kimeniuma!"

Nikamshika mkono kuangalia. Kioo kimejaa tui, na nyuma ya tui fataki za rangi rangi zinalipuka: lengo la siku limetimia, hatua elfu nane, hongera sana.

"Zangu hizo?" akauliza.

"Zako, shangazi. Kwa hatua hizo sasa hivi ungekuwa unakaribia Kange."

"Na huku sijanyanyuka hata kwenda kunywa maji!" Wenzake walicheka hadi wakafutana machozi kwa ncha za kanga. Mmoja akasema harusi ikiisha atapeleka mbuzi yake ufukweni Raskazone, akafanyie mazoezi na wale wanaokimbia jioni.

Kuhusu hizo hesabu za hatua, watu wengi hudhani ni daktari aliyezipanga. Ile elfu kumi inayotajwa sana ilianzia Japani, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichoingizwa sokoni mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo. Ilikuwa namba ya biashara kwanza, utafiti ukaja kuifuata nyuma. Saa yangu ilikuwa imeshapunguza hadi elfu nane, na hizo nyingi zake ni za shangazi aliyeketi.

Habari zikaingia chumbani kwa bibi harusi. Wasichana waliokuwa naye wakaiomba saa, maana alikuwa akijidai haogopi kitu, nao wakataka kuona moyo wake unasemaje. Hina na piko vilikuwa vimeshakauka na kukwanguliwa, maua meusi yamepanda kutoka vidoleni hadi nusu ya mkono. Wakamvisha. Ile taa ya kijani mgongoni mwa saa ikamweka, ikazima, ikamweka tena. Kwenye kioo vikaja vistari viwili vitupu. Wakakaza mkanda. Vistari. Wakausogeza juu, wakaushusha. Vistari tu.

Somo wake, mama mzima asiyecheka ovyo, akasema: "Mnajisumbua. Huo moyo haumo. Bwana harusi aliondoka nao siku ya posa." Vigelegele vikapasua bati.

Hapo shangazi akaingia, ameshika nusu ya nazi. Sijui ni shetani gani alimpitia. "Kama huyu hana, mjaribuni na huyu." Nikaulaza mgongo wa saa kwenye nyama ya nazi, nikaushikilia kwa kingo. Taa ikamweka mara mbili tatu, ikatulia, kisha pakaandikwa 76. Yaani nazi ya Pangani, iliyopasuliwa kwa panga mchana ule, moyo wake unadunda mara 76 kwa dakika, mapigo mazuri kabisa ya mtu aliyetulia, na binti wa watu aliye hai hana chochote. Vigelegele vya safari hii vilisikika hadi barabara ya pili, na watu wakaja kuuliza kama bwana harusi amefika.

Siyo uchawi. Saa humulika mwanga ndani ya ngozi. Damu huumeza kiasi, na kila moyo unaposukuma, kiasi hicho hubadilika kidogo. Kinachorudi ndicho inachokisoma. Piko ni jeusi, linaumeza mwanga kabla haujaifikia damu. Nyama ya nazi ni nyeupe, inaurudisha, na saa ikiona mwanga unachezacheza kidogo hutafuta mdundo humo hata kama haupo. Kwenye mkono wangu mtupu, nikiwa nimekaa, mapigo iliyonipa yalilingana na niliyoyahesabu kwa kidole shingoni. Kwa hilo siidhulumu.

Kilichonikera ni kilichofuata. Watu walipotawanyika shangazi akanivuta pembeni, sauti ameshusha. "Na presha je? Si ulisema inapima?" Shangazi ana presha ya miaka, anahudhuria kliniki Bombo, vidonge anameza kila siku, au anatakiwa kumeza. Nikafungua ukurasa ule. Ikazunguka ikazunguka, ikamwandikia 118 kwa 76. Uso wake ukakunjuka. "Kumbe nimepona! Basi vile vidonge leo nivipumzishe, vinanikojoza na wageni wamejaa."

Nilijipima mimi: 119 kwa 77. Nikaenda kuichukua ile nazi iliyotoka kupimwa moyo. 117 kwa 76. Nikamwonyesha bila kusema neno. Akaitazama nazi, akanitazama mimi.

"Nayo imepona?"

Kuna jirani yetu mmoja muuguzi, ana mashine ya kufunga mkanda juu ya kiwiko, ile inayojaa upepo. Tukamwita. Akamkalisha shangazi, akamwambia anyamaze, na hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Mashine ile ilisema jambo jingine kabisa. Shangazi akameza vidonge mbele yetu, akaondolewa juu ya mbuzi, akalazwa chumbani chini ya feni akilalamika kwamba wali utaharibika. Kuna saa chache zilizotengenezwa kupima presha kwa kubana mkono, na nyingine zinazohitaji kwanza kulinganishwa na mashine ya kawaida. Hii yangu haikuwa mojawapo. Hii ilikuwa inabuni namba ya kumfurahisha mtu.

Na ile sukari aliyoitaja mdogo wangu? Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba hakuna saa wala pete waliyoiidhinisha kupima sukari ya damu peke yake bila kutoboa ngozi. Nilipokuja kulisoma hilo niliufuta ukurasa wenyewe, maana kwetu wenye sukari ni wengi na kila mmoja angeomba kupimwa.

Sasa msije mkasema nimeichukia. Usiku wa mkesha ndio ulionifanya nisiivue. Ngoma imepamba moto, spika zimefunguliwa mpaka mwisho, mtu akikuambia jambo lazima ainamie sikio. Simu nilikuwa nimeiacha dirishani inachaji. Mkono ukatetemeka, natazama, jina la binamu yetu wa Mombasa. Walikuwa ndio wanamaliza mambo ya mpaka pale Horohoro, gari lao dogo limejaa watu wazima na watoto, na nyumba watakayofikia hawaijui. Bila mtetemo ule wangepiga hadi salio liishe. Nikatoka hadi ukutani nikawaelekeza, nikampeleka kijana kwenda kuwangojea barabarani. Kwa kazi hiyo moja tu, kunigusa mkono pale sikio lisiposikia, saa ilijilipa. Kadhalika kuitafuta simu: katika nyumba yenye mikeka na mito kila chumba, nilibonyeza mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na simu ikaitikia kutoka chini ya mtu aliyelala. Ila haina miujiza. Kuta zetu za zamani ni nene, na nikishafika jiko la uani mawasiliano yanakatika.

Ujumbe nao una mambo yake. Asubuhi ya Ijumaa nilikaa mezani na mwenye viti, amekuja kudai salio ilhali viti havijafika vyote. Mkono wangu umelala mezani, kati yetu. Ukaingia ujumbe wa shemeji yangu, mtunza hazina wa kamati, ukajiandika kwenye kioo kwa herufi kubwa, umemwelekea mgeni kuliko mimi: "Huyo wa viti usimpe hata mia. Mjanja huyo. Alete vyote kwanza." Tukausoma wote wawili. Kimya. Halafu akasimama, akajikung'uta suruali.

"Mwambie shemeji yako nimeupata."

Viti vilivyobaki vilifika kabla ya adhana ya Ijumaa, vimefutwa vumbi. Hata hivyo jioni ile niliiweka saa ionyeshe jina la mtumaji peke yake.

Siku hiyo hiyo ilinipa taarifa ya usingizi: saa sita, usingizi mzuri. Mimi ambaye usiku kucha nilikuwa barazani nalinda masufuria ya kukodi! Nilikaa tuli nimeegemea ukuta, na kwa saa, asiyesogea amelala. Msikitini kwenye udhu huivua na kuitia mfuko wa kanzu, maana maji lazima yafike chini yake. Kuhimili maji inahimili, ila sabuni na maji ya moto tumekatazwa. Chaji inakaa siku kadhaa, lakini waya wake ni wa sumaku, haufanani na wa mtu mwingine yeyote mtaani, na ukiusahau mahali umekwisha.

Tangu wiki ile nimeizima karibu yote. Nimebakiza simu zinazoingia, kuitafuta simu, na kengele ya mtetemo inayoniamsha alfajiri bila kumwamsha mke wangu. Mapigo ya moyo nayatazama nikipenda. Hatua sizitazami, baiskeli bado ninayo.

Shangazi alimpigia mdogo wangu Maskati harusi ilipopita, nikiwa nimekaa karibu. Alimshukuru kwa udi, akamshukuru kwa mashuka, kisha akamwagiza mashine ya presha, ile ya kufunga mkono inayojaa upepo. Mdogo wangu akasema ataituma, akauliza kama amtumie na saa kama ya kaka.

"Nitumie," akasema. "Nina deni la hatua na mwenzangu wa jirani, na mwezi ujao tuna hitima, nazi mia."