Kuku Wangu Hajafa, Anaoga

Mtu anayeanza kufuga kuku wachache uani hufundishwa mambo ya maji safi, chakula, chanjo na banda lisilovuja, lakini ni nadra kuambiwa kwamba mchana mmoja wa jua kali atawakuta kuku wake wamelala ubavu, shingo zimenyooka, mabawa yametandazwa ovyo, nao hawatikisiki. Hukimbia akidhani wamekula sumu. Anapoinama kumgusa wa kwanza, kuku hufumbua jicho moja, humtazama, kisha hujirushia vumbi jingine mgongoni.

Karibu kila mfugaji ninayemfahamu ana kisa chake cha msiba huu usio na maiti. Jirani yangu aliwahi kuniita kwa sauti ya huzuni kupitia uzio, “Jirani, njoo haraka, kuku wako wamekufa wote,” na nilipomwambia kwamba wanaoga hakuniamini mpaka walipoinuka mmoja baada ya mwingine, wakajikung’uta na kutimua wingu la vumbi lililotufunika sote wawili. Nayapenda masimulizi ya namna hii na huyasikiliza kwa makini, kwa sababu nimeona kwamba kila kituko cha kuku kina chanzo chake, na kukijua chanzo hicho hakupunguzi kicheko hata kidogo.

Kuoga vumbi humchukua kuku karibu nusu saa, aghalabu adhuhuri, na kuna utaratibu wake: huparura udongo mpaka ulainike, hulala na kulipandisha vumbi kwa mabawa na miguu hadi lipenye kati ya manyoya na kufika kwenye ngozi, hutulia kimya kwa muda, kisha husimama na kulikung’uta lote. Vumbi hilo hunyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na huwasumbua chawa na utitiri. Haja hiyo imo ndani yao kiasi kwamba kuku aliyefungiwa penye sakafu tupu hufanya miendo yote ya kuoga bila chembe ya vumbi. Hilo mimi halinichekeshi, na yeyote anayeliona bandani kwake namsihi aweke beseni pana la mchanga mkavu siku hiyohiyo.

Kwenye viota ndiko penye foleni. Mfugaji hutengeneza viota kadhaa vya kipimo kimoja, akavitandika nyasi kavu za rundo lilelile, na kuku wote wakachagua kimoja. Aliye ndani hatoki. Aliye nje hutembea huku na huko akilalamika kwa sauti ndefu. Wa tatu akichoka kungoja hupanda juu ya mwenziwe na kukaa mgongoni mwake, na wote wawili hutazama mbele kana kwamba hakuna lisilo la kawaida. Kwa kuku, yai lililokwisha kutagwa mahali fulani ni ishara kwamba mahali hapo panafaa, na ndiyo maana wafugaji wengi huweka yai la plastiki kwenye kiota wanachotaka kitumike. Tena yai huchukua takriban saa 24 hadi 26 kutengenezwa, sehemu kubwa ya muda huo ikitumika kujenga ganda, kwa hiyo saa ya kutaga husogea mbele kila siku mpaka kuku apumzike siku moja na kuanza upya asubuhi. Akishataga hutetea kwa nguvu, na wenzake, hata wale ambao hawajataga chochote, humwitikia mpaka mtaa wote ujue.

Hata hivyo, hakuna anayewapatia wafugaji masimulizi mengi kama kuku aliyeazimia kuatamia. Jana alikuwa mpole, alikula mkononi. Leo amejitandaza kiotani, amefutua manyoya hadi ukubwa wake umeongezeka maradufu, na mkono ukimkaribia huguna na kudonoa. Homoni ya prolaktini imepanda mwilini mwake na imemwamuru akae. Haimuulizi kama kuna yai. Kuku wa namna hii huatamia yai la plastiki, huatamia jiwe la mviringo, huatamia nyasi tupu, na bado huamka mara chache tu kwa siku, akala haraka huku manyoya yamemsimama, akatoa kinyesi kikubwa chenye harufu ambayo mfugaji hataisahau, akarudi mbio kulinda asichokuwa nacho. Mfugaji humtoa, kabla hajafika mlangoni, kuku amekwisha kurudi. Nimemwona mwenzangu mtulivu sana akizungumza na kuku wake kwa upole kuhusu jambo hilo, akimweleza sababu moja baada ya nyingine, na kuku akimsikiliza bila kusogea. Kinachosaidia ni kumhamishia kwa siku chache kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, penye maji na chakula, ili hewa ipite chini ya tumbo lake na joto lile lipungue. Na kama mfugaji anataka vifaranga, basi amshukuru, ampe mayai yenye mbegu ya jogoo na amwachie kwa siku 21, maana hakuna mashine inayozungumza na vifaranga wakiwa bado ndani ya ganda kama afanyavyo yeye.

Akipewa mayai ya bata, mambo huwa mazito zaidi. Hayo huhitaji takriban siku 28, naye hukaa bila kulalamika, akawalea wana wake vizuri mpaka siku wanapoliona dimbwi. Wao huingia majini kwa furaha. Yeye hukimbia ukingoni akiwaita kwa sauti ya hofu, na hakuna mfugaji anayeweza kumweleza kwamba wako salama.

Ukitaka kuona siasa, subiri magharibi. Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtafiti wa Norway aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1921 jinsi kundi la kuku linavyojipanga kwa cheo, kila mmoja akijua ni nani anaweza kumdonoa na ni nani hathubutu kumgusa. Kwenye fito za kulalia cheo hicho hujadiliwa upya kila jioni. Wakubwa hutaka fito ya juu, na pahali pao ni palepale pa jana. Mdogo akikaa hapo kwa bahati mbaya husukumwa, naye humsukuma aliye jirani, na msukumo husafiri mpaka mwisho wa fito, ambako mmoja huanguka, hujikusanya kwa heshima, na kuanza kupanda tena. Giza likikolea wote hunyamaza ghafla, kwa kuwa kuku haoni vizuri penye mwanga hafifu. Wafugaji hutumia udhaifu huo kuwaingiza wageni usiku, wakitumaini kwamba asubuhi hakuna atakayetambua. Hutambua. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa maoni yangu ni afadhali kuwatenga wageni nyuma ya waya kwa wiki kadhaa, waonane na kuzoeana bila kuumizana, kuliko kutegemea giza.

Majogoo nao wana itifaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kabla ya mapambazuko kwa kuongozwa na saa iliyo ndani ya mwili wake, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba katika kundi, mwenye cheo cha juu ndiye huanza, kisha wengine hufuata kwa ngazi. Jogoo akipata chakula huwaita mitetea kwa mlio maalumu, akikiokota na kukiangusha ili wakione. Lakini wakati mwingine hutoa mlio uleule pasipo na chakula chochote, mitetea wakaja mbio na kukuta jiwe tu.

Na kuna jina. Mfugaji hupata kifaranga mzuri, akaamini ni tetea, akampa jina la kike lenye mapenzi, watoto wakalizoea. Wiki zinapita, upanga kichwani unakua na kuwa mwekundu mapema kuliko wa wenzake, miguu inanenepa, na mfugaji anaendelea kutoa sababu. Kisha asubuhi moja bandani hutoka sauti iliyokwaruza, ikakatika katikati, ikaanza tena: mtoto wa kike anajifunza kuwika. Sijakutana na mfugaji aliyebadilisha jina baada ya hapo. Ninawajua majogoo wakubwa, wenye makucha marefu na mikia inayong’aa, wanaoitwa kwa majina ya mabibi harusi, nao wakiitwa huja mbio.