Baba Aliniuliza: Geji Ngapi?

Nilimtumia baba picha ya nyumba tuliyoisimamisha siku hiyo kule Ripley, nje kidogo ya Ipswich, Queensland, Australia. Vyumba vinne, gereji ya magari mawili, fremu yote iko wima na jua linapita katikati kama kwenye tenga la nyanya. Nilijivunia, maana ndiyo kwanza nimeachiwa kona nifunge mwenyewe. Mzee alikaa kimya mpaka saa nane mchana ya kwake, huku ni saa tatu usiku, ndipo akapiga. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, halafu: "Hilo banda ni la kuku wa nyama au wa mayai?"

Baba ni mwashi. Ukipita naye Kihonda pale Morogoro hamfiki mnakokwenda. Kila mtaa atasimama akuonyeshe ukuta. Kwake nyumba ni kitu kizito: tofali la inchi sita, nondo, zege la mkanda linalozunguka kuta, na ukigonga ukuta, kinacholia ni mkono wako. Nimekua nikiwa saidia fundi wake, nikibeba ndoo za udongo kila likizo ya shule. Nikamwambia hilo si banda, hiyo ni nyumba ya watu, fremu yake ni chuma.

"Chuma gani? Geji ngapi?"

Swali la fundi hilo. Huku unene wa chuma hawautaji kwa geji, wanautaja kwa milimita. Fremu tunazotumia nyumba za kawaida ni milimita 0.75, na penye mzigo mkubwa tunapanda mpaka milimita 1 au zaidi kidogo. Kwa hesabu za baba hiyo 0.75 ni karibu na geji 22. Bati zuri la kuezekea analolijua yeye, geji 28, lina kama milimita 0.4. Akapiga hesabu yake kimya kimya.

"Kwa hiyo umechukua mabati mawili ukayabandika, ukaita nyumba."

Ndiyo, Baba, karibu hivyo. Simu ikakatika. Sijui ilikuwa bando au hasira.

Ubishi wetu umechukua zaidi ya mwaka, na niseme mapema kwamba sehemu kubwa yake mzee hakuwa amekosea.

Kazi hii niliingia kwa mlango wa nyuma. Tulikuja 2019, mke wangu akiwa amepata kazi ya uuguzi, mimi nikiwa mume wa nesi. Nikapakia maboksi ghalani, nikaosha magari, nikachukua kadi nyeupe, kadi ya mafunzo ya usalama, ile ambayo bila hiyo hugusi saiti yoyote Australia. Mwaka 2020 serikali ikatoa ruzuku kwa wanaojenga ili uchumi usilale wakati wa korona, na kila mtu akataka nyumba kwa wakati mmoja. Mbao zikaadimika. Moto wa kiangazi cha 2019 kuelekea 2020 ulikuwa umeteketeza na mashamba ya misonobari, na meli nazo zilikuwa zinachelewa. Mafundi seremala waliokuwa wakiicheka fremu ya chuma wakaanza kuiulizia bei. Bosi wangu alikuwa mmoja wao. Alihitaji watu wasio na mazoea ya mbao, nami sikuwa na mazoea ya kitu chochote isipokuwa udongo na saruji.

Siri ya kitu chenyewe iko kwenye kukunja. Chukua bati bapa la geji yoyote ulisimamishe: linalala. Likunje migongo, fundi anapanda juu yake na nyundo mkononi. Kiwandani chuma kinafika kikiwa koili, mfano wa roli kubwa la karatasi, kinaingia kwenye mashine inayokikunja kikiwa baridi mpaka kinatoka umbo la herufi C, upana milimita 90, na kingo zimegeuzwa ndani kidogo kama upindo wa kanga. Upindo ule mdogo ndio unaozuia chuma kisijikunje kikielemewa. Mashine nyingi za namna hii zinatoka New Zealand, jirani wa hapa. Ramani inaingia kwenye kompyuta, kompyuta inaiambia mashine ikate wapi, itoboe wapi, na kila kipande kinatoka kimeandikwa namba yake. Wanavifunga kwa skrubu kiwandani, lori linaleta kuta zilizokwisha kuwa kuta. Mimi na Msamoa mmoja mwenye mabega kama mlango wa godauni tunabeba ukuta wa chumba cha kulala wawili tu, bila kupumzika. Nyumba isiyo na ghorofa watu wanne tunaisimamisha siku mbili.

Nguvu ya chuma chenyewe si ya kudharau, megapaskali 550, na nondo nyingi haziifikii. Na ile rangi ya kijivu inayong'aa ni ndugu wa aluzinki iliyo juu ya paa la baba: alumini na zinki, siku hizi wameongeza na magnesiamu.

Siku yangu ya pili nilifika na penseli sikioni. Ndivyo nilivyomwona baba maisha yote, nikadhani ndiyo alama ya fundi. Bosi akaichomoa, akaivunja, akaitupa kwenye pipa bila kusema neno, kisha akanipa kalamu ya wino mzito. Nilikasirika mpaka wakati wa chai. Baadaye ndipo nikaelezwa: risasi ya penseli ni grafaiti, na grafaiti ikikaa juu ya lile tabaka la alumini na zinki halafu ukaja unyevu, chuma kinaanza kuliwa palepale ulipochora mstari.

Chuma hiki kina wivu. Hakitaki penseli. Hakitaki grainda, kwa sababu cheche zake zinatua na kuacha vidoa vya kutu, kwa hiyo unakata kwa mkasi wa bati. Hakitaki bomba la shaba likiguse, fundi bomba lazima avalishe kila tundu pete ya plastiki. Fundi umeme naye anavalisha matundu yake ili ukingo usichune waya, halafu anaiunganisha fremu nzima na ethi, waya wa kuupeleka umeme ardhini. Ukisahau hilo la mwisho, waya mmoja ukichubuka, nyumba nzima inakuwa waya wenye umeme.

Na hakisamehe. Mbao ukikuta jamvi, ile sakafu ya zege, lina kinundu unaranda kidogo, unapachika kipande, maisha yanaendelea. Chuma kimekatwa kwa milimita. Tuliwahi kufika saiti moja tukakuta jamvi lina mgongo katikati ya korido, waliomwaga zege walishaondoka zao, na ukuta ukawa unabembea kama kiti cha uvivu. Tulishinda siku nzima tunasaga zege tukiwa tumejaa vumbi mpaka kope. Nikamkumbuka baba na pimamaji yake.

Lakini kilichomuumiza mzee zaidi ni habari ya matofali. Mitaa mipya ya huku ukiipita barabarani utaona nyumba za tofali tupu, utaapa ni tofali. Kumbe fremu ikishasimama na paa likishakaa juu yake, inazungushiwa karatasi ya kuzuia maji na upepo, ndipo mwashi anakuja kupandisha kozi moja ya tofali kwa nje, ameacha nafasi kama upana wa vidole vitatu, akiifunga kwenye fremu kwa vishikizo vya waya. Tofali zile hazibebi paa, hazibebi dari, zinajibeba zenyewe tu. Nilipomweleza baba alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo huko mwashi ni fundi cherehani." Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikiwaona wale jamaa wakipanga tofali ninamwona mtu anayepima shati.

Upande aliokuwa na haki, nitautaja. Aliuliza joto. Chuma kinapitisha joto kuliko mbao, na kwenye kuta zenye ngozi nyepesi, zisizovikwa tofali, kanuni za ujenzi za huku zinadai kipande cha kuzuia joto kiwekwe kati ya fremu na ngozi ya nje. Kisipowekwa, jua la Januari linaingia kwa mguu. Aliuliza kelele. Jioni, jua likishuka, kuna nyumba zinalia tik, tik, tik, paa na fremu vikipoa, na mgeni wa kwanza kulala humo hasinzii. Akauliza mtu anatundika wapi picha ya arusi yake. Huku ukuta wa ndani ni jipsamu; ukipigilia msumari kati ya nguzo mbili unatoboa hewa. Unatembeza sumaku ukutani mpaka ing'ang'anie, hapo ndipo kuna nguzo. "Sumaku," baba akarudia, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa.

Kwa upepo tulitofautiana. Machi 2025 kimbunga Alfred kilikuwa kinakuja upande wa Brisbane, kitu ambacho hakijazoeleka huku kusini, na tulikuwa na nyumba tatu zina fremu tu bila paa. Siku mbili hatukujenga, tulifunga: vikingio vya ziada kwenye kona, kukagua kila boliti inayoshika reli ya chini kwenye jamvi, mabati yaliyolala nje tukayafunga kwa mikanda kama mizigo ya daladala. Tarehe 8 kiliingia nchi kavu kimechoka, si kimbunga tena, kimebaki upepo na mvua nyingi. Tuliporudi saiti tulikuta choo cha kukodi kimelala chali na fremu zote wima. Nikamtumia baba picha. Akajibu kwamba upepo hauangushi tenga kwa sababu unapita ndani yake. Sasa mtu kama huyo utabishana naye vipi.

Kilichombadilisha ni mchwa.

Queensland ina mchwa wa kutisha, na watu wake wanawajua tangu zamani. Zile nyumba za kale za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, ukichungulia chini yake utakuta kila nguzo imevikwa kichwani kofia ya bati iliyopinda kuelekea chini, kama sahani iliyogeuzwa. Kofia haimuui mchwa. Inamlazimisha kutoka nje na kujenga njia yake ya udongo mahali unapoiona. Nyumba mpya, fungua kisanduku cha mita ya umeme, utakuta kibandiko kinachosema imekingwa na mchwa kwa njia gani na lini. Hata ukijenga kwa chuma, kanuni za Queensland zinahesabu katika vya kukingwa mpaka fremu za milango na skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, kwa sababu mchwa hawezi kula nguzo lakini hakuna anayemkataza kuifuata mpaka kwenye mbao za mlango.

Nilikuwa namsimulia baba haya ya kofia za bati, naye akanyamaza kwa namna ninayoijua. Nyumba ya shangazi kule Mikese, mwaka 2016. Kenchi zile za paa alizifunga baba mwenyewe, mbao akazipaka oili chafu kwa mkono wake mara mbili. Siku shangazi aliposema dari inatoa unga, mzee alipanda, akabonyeza kenchi kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Rangi ya nje nzima, ndani hakuna kitu. Alishuka, akanawa mikono muda mrefu, na tangu siku hiyo halijatajwa nyumbani kwetu.

"Hao wa huko," akasema mwishowe, "hicho chuma hawakipati kabisa?"

Hawakipati, Baba.

Kuna kiwanja changu Kihonda, kuta ziko kwenye mkanda tangu 2022, majani yanaota sebuleni. Wenzangu hapa kazini hawaelewi nyumba inawezaje kukaa hivyo. Kwao benki inalipa kwa hatua, msingi, fremu, kufunga, kumalizia ndani, kukabidhi. Mkaguzi asipoidhinisha fremu hela ya fremu haitoki, na miezi michache baadaye watu wamehamia. Mimi benki yangu ni zamu za Jumamosi. Kuta ni za tofali, hapo mzee hakutaka hata mjadala, wala mimi sikuutaka. Fundi yupo, tofali lipo, na hakuna sababu ya kulivalisha ukuta shati wakati una mwili. Kilichobaki ni paa. Dar siku hizi wapo wanaotengeneza kenchi za chuma chepesi, unawapelekea ramani wanakukatia. Baba alisema mbao. Nikasema chuma. Akasema tutaona. Kisha wiki moja mama akaniambia pembeni kwamba mzee amepanda basi kwenda Dar kuangalia karakana ya watu, amerudi na kipande cha futi moja, amekiweka juu ya kabati, na kila mgeni akija anakishusha.

Mwezi uliopita lori limefika. Amenipigia video: kenchi zimelala kwenye uwanja, vijana wawili wameshika futi, naye katikati kainama kwenye reli ya chini, miwani puani, anataka kuweka alama ya kwanza. Nikamwona ananyanyua mkono kwenda sikioni.

"Baba, subiri. Penseli hapana. Tumia kalamu ya wino."

Akasimama wima, akaishika ile penseli, akaitazama, akanitazama mimi.

"Sasa hapa sikioni nitaweka nini?"