Ninavyopima mawe ya mchanga ya Semliki

Kwenye makorongo ya Kisegi na Nyabusosi, katika bonde la Semliki magharibi mwa Uganda, kusini mwa Ziwa Albert, mawe ya mchanga yako tele. Kujua ni tabaka lipi lingehifadhi mafuta likiwa chini kabisa ndiyo kazi yenyewe, nami huanza kwa kutambua maji gani yaliuleta mchanga huo.

Nakwangua ukuta wa korongo kwa jembe dogo, kisha napima kutoka chini kwenda juu, nikiandika ukubwa wa chembe. Mchanga ni milimita 0.0625 hadi 2. Ukizidi hapo ni changarawe. Kukiwa na kokoto chini, tabaka za mshazari katikati na chembe zinazopungua kuelekea juu, hapo palipita mto. Chembe zikianza na tope na kukua kadiri unavyopanda, mara nyingi ni delta iliyosogea ziwani. Karibu na ukuta wa bonde la ufa mafuriko yalimwaga kokoto, mchanga na tope kwa pamoja. Tabaka hilo huwa nene, la kuvutia kwenye picha, lakini tope limejaza nafasi zote kati ya chembe, ambamo mafuta yangekaa.

Mchanga wa mto naupa alama za juu: maji yaendayo kasi yameshauosha. Shida yake ni kwamba hukatika ghafla pembeni, hivyo naufuata kwa miguu hadi korongo la pili. Wa delta huenea mbali zaidi, ila vitabaka vya tope ndani yake huzuia mafuta kupanda.

Usiamini uso wa jiwe. Mvua huyeyusha kalsaiti, madini ya chokaa yaliyogandisha chembe, kwa hiyo jiwe linalobomoka mkononi linaweza kuwa gumu kama zege ndani zaidi. Nachimba mpaka nifikie jiwe bichi, ambalo mvua haijaligusa, nadondosha asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10. Likitoa povu, kalsaiti bado ipo. Kisha lenzi ya mkono: feldispa, madini ya kawaida kwenye mchanga, ikigeuka unga mweupe ni kaolini, aina ya udongo mfinyanzi, na kaolini huziba vijia vya mafuta hata pale nafasi zinapoonekana nyingi.

Sampuli laini haikatwi hivihivi, itasambaratika. Naizungushia karatasi ya alumini, natia mshale wa upande wa juu, na maabara huikausha na kuijaza gundi ya epoksi yenye rangi ya buluu kabla ya kuichonga. Chini ya hadubini nahesabu nukta 300. Kila inayoangukia buluu ni nafasi tupu.

Tabaka likipita yote hayo, natafuta kifuniko, yaani tabaka la juu lisilopitisha mafuta. Kwa mawe ya Kisegi, ni tabaka la tope liitwalo Kasande, lililo juu yake.