Nilivyowaingiza wanawake kwenye duka la bosi wangu

Kila anayesikia kwamba nauza vifaa vya faragha, vile vya raha ya kitandani, ananipa ushauri, na ushauri wenyewe huwa unaanza na rangi. "Pakeni pinki, dada, wanawake watajaa." Nilipaka. Madebe mawili yamebaki stoo mpaka leo.

Duka liko Toronto, mtaa wa Wareno, na si langu. Ni la bosi wangu, mzee aliyetoka visiwa vya Azores, akalifungua enzi za kanda za video za ngono. Mimi niliingia kama mfagiaji. Madirisha yalizibwa kwa karatasi nyeusi. Taa zilikuwa zile za mirija zinazolia ziii kutwa nzima. Shelfu zote zilijaa masanduku yenye picha za wanawake walioachama kama wamekanyaga msumari. Kaunta ilikuwa juu kama ya kituo cha polisi, na bosi nyuma yake anakutazama toka unaingia mpaka unatoka. Wateja walikuwa wanaume watupu, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Mwanamke akiingia, anageuka kabla mlango haujajifunga.

Halafu intaneti ikaua biashara ya DVD. Bosi akaanza kulia na kodi ya pango. Siku moja nikiwa na ufagio mkononi nikamwambia, bosi, nusu ya mji huu hawakanyagi hapa, unategemea nini? Akacheka. Baada ya wiki mbili hakuwa anacheka tena, akanipa nusu ya mbele ya duka na hela kidogo, kama dola elfu tatu hivi, akasema tuone.

Hapo ndipo alipoingia mpwa wake. Kijana huyu anajiita mtaalamu wa masoko. Alikuja na kompyuta, akatuonyesha picha za maua. Mwanamke, alisema, anataka ulaini: pinki ukutani, mapazia ya lesi, mishumaa ya vanila, na vifaa vyenyewe vifichwe kwenye droo ili visimtishe. Mimi ni mwanamke na hakuniuliza hata swali moja, lakini nikamwamini, kwa sababu alikuwa na kompyuta nami nilikuwa na ufagio. Tukapaka wikiendi nzima. Nikashona mapazia mwenyewe. Nikapanga droo kumi na mbili nyeupe, safi, hazina hata kibandiko. Jumatatu nikafungua mlango, nimevaa blauzi mpya, moyo unadunda.

Akaingia mama wa Kireno, kashika mkono wa mjukuu. Akatazama huku na huku, akatabasamu, akaniuliza kama tuna nguo za ubatizo.

Nikamwambia zimeisha. Ningemwambiaje? Wiki ile waliingia wanne wa namna hiyo, na mmoja aliacha oda ya maua ya harusi. Kilichoniuma lakini ni yule wa Alhamisi, mama wa makamo, mwalimu kwa kumtazama tu. Huyu alijua kabisa alichofuata. Akasimama mbele ya droo zangu kumi na mbili, akafungua mdomo, akaufunga. Kama kitu hakionekani, lazima ukitaje, na kukitaja ndiko kulikokuwa kunamshinda. Akanunua mshumaa, akaenda zake. Nilikuwa nimemjengea ukuta wa rangi ya pinki.

Kesho yake nikapanda tramu mpaka Harbord Street, kwenye duka linaloitwa Good For Her. Lilianzishwa na Carlyle Jansen mwaka 1997, na ukiingia ulikuwa unadhani uko sebuleni kwa mtu aliyesoma sana. Nilishinda mle saa nzima, sikununua kitu, hakuna aliyeniuliza nafuata nini. Vifaa vilikuwa wazi, nje ya masanduku. Vitabu vingi. Walikuwa na madarasa, na walitenga saa za wanawake na watu waliobadili jinsia peke yao. Dada wa kaunta aliposema "kinembe" kwa Kiingereza alisema kama anavyosema "kiwiko". Nikarudi nyumbani nikasoma. Kumbe njia hii ina wakongwe. Dell Williams alifungua Eve's Garden kule New York mwaka 1974, baada ya kwenda duka kubwa kununua mashine ya kukandia misuli, ambayo wanawake waliitumia pia kujipa raha, kijana wa kuuza akamuuliza ya nini, mbele za watu. Kwa hasira akaanzisha lake. Miaka mitatu baadaye Joani Blank akafungua Good Vibrations San Francisco, kichumba kidogo tu, na mwaka 1992 akawauzia wafanyakazi wake wenyewe. London wakaanzisha Sh! mwaka huo huo wa 1992, mwanamume alikuwa haingii mpaka afuatane na mwanamke.

Niliposoma kisa cha yule kijana na swali lake nikamkumbuka kungwi wangu, Tanga, marehemu shangazi yake mama. Kwake mlango ulifungwa kwa komeo, vitu vikatajwa kwa majina yake, na ukiuliza la kipumbavu hachekwi mtu. Hilo nikaliiba lote. Lingine nikaliacha palepale Tanga, maana siku zote alizonifunda, mafunzo yalikuwa ya kumfurahisha bwana. Habari ya mimi kufurahi ilipita kama basi la haraka, halisimami kituoni kwetu.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa akili yangu. Mapazia ya lesi nikayatoa, nikatundika kanga mbili dirishani mpaka usawa wa kichwa, mwanga unaingia juu, aliye nje haoni ndani. Moja imeandikwa "Mso hili ana lile", na mpaka leo wateja wananiomba tafsiri, nami naitafsiri kwa namna inayouza. Fundi akaikata kaunta kwa msumeno, bosi akasimama pembeni kama anakatwa mguu. Nikaleta meza ndefu ya mbao, tuliitoa kwa majirani waliokuwa wanahama, bure au dola ishirini, sikumbuki. Juu yake nikapanga sampuli moja ya kila kitu, nje ya sanduku, betri ndani, kadi pembeni yenye bei, kimetengenezwa kwa nini, na kinasafishwaje. Masanduku yale ya akina dada walioachama nikayageuza uso ukutani.

Sasa pua. Hili ndilo ninalojivunia, ingawa sikulibuni mimi, wauzaji wa maduka haya wanalijua miaka. Mteja akitaka kujua vaibreta, ile mashine ya kutetema, ina nguvu gani, akiishika kwa kiganja hatajua kitu, kiganja ni kigumu, kimeshafua na kupika. Mwambie aiguse kwenye ncha ya pua. Pua ina hisia, inatekenyeka. Siku ya kwanza walikuwa wanne, wauguzi waliotoka zamu, wamesimama katikati ya duka, kila mmoja kaweka dude puani, na wote wakapiga chafya kwa zamu. Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Mtu aliyekwisha kupiga chafya mbele yako haoni tena aibu kukuuliza. Nikamwona bosi anachungulia kutoka nyuma, halafu akarudi taratibu na kuufunga mlango wa chumba cha DVD, kwa heshima, kama anatoka msikitini.

Tulichogombana kweli ni ile mali laini. Alikuwa na makatoni ya vifaa vya plastiki inayonesanesa, bei rahisi, vinanuka kama pazia jipya la bafuni. Harufu ile huwa ni dalili ya kemikali za kulainishia plastiki, na plastiki yenyewe ina vitundu, huwezi kuiosha ikatakata. Nikamwambia serikali ya Kanada imeziwekea kemikali hizo kikomo kwenye midoli ya watoto toka mwaka 2011, ila vya watu wazima hakuna aliyevigusa. Akasema basi si kosa. Nikachukua kimoja, nikakiweka juu ya gazeti kwenye meza yake ya chakula, nikamwacha nacho. Jumatatu gazeti lilikuwa na doa la mafuta, na meza ilinuka. Makatoni yakatoka. Siku hizi tunaweka silikoni, kioo na chuma, ni ghali zaidi, lakini silikoni isiyo na mota unaichemsha sufuriani kama chupa ya mtoto. Sufuria iwe ya kazi hiyo, tafadhali.

Na kamisheni nilikataa. Bosi alitaka kunipa asilimia kwa kila kitu cha bei kubwa. Nikamwambia nikilipwa hivyo nitaanza kumsukumia mtu dude la dola mia mbili wakati shida yake inaisha kwa chupa ya kilainishi ya dola kumi na tano. Hakuelewa mpaka alipokuja yule mama wa Mombasa.

Aliingia mchana wa baridi kali, buibui juu ya koti, akazunguka meza mara tatu. Akaiona kanga. "Hii kanga yatoka wapi?" Kwa Kiswahili! Nikaamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi, nikasema Tanga, akasema yeye Kibokoni. Akanyamaza.

"Mwanangu, nina shoga yangu ana shida."

"Shoga yako ana umri gani, mama?"

"Wangu."

Shoga yake hedhi imekoma, amekuwa mkavu, anaumia, anamkwepa mumewe, mume anadhani hapendwi. Amejaribu mafuta ya nazi. Nikamwambia mafuta ya nazi hayana neno kama hawatumii kondomu ya mpira, maana mafuta yanaiharibu, lakini kama yanamwasha ayaache. Nikampa kilainishi cha maji, kisicho na sukari wala harufu. Nikamtilia kidogo mgongoni mwa mkono, akasugua, akanusa. Nikamwambia pia shoga yake amwone daktari, ziko dawa za homoni za kupaka, na asikubali kuambiwa ni uzee tu. Akalipa. Mlangoni akageuka, akasema, "Shoga yangu ashukuru." Mwezi uliofuata akaleta mashoga watatu, hawa wa kweli, na bosi akawapikia kahawa.

Nikiulizwa kama wanaume waruhusiwe kuingia, wengi hawatapenda jibu langu. Nilijaribu Jumatano za wanawake tu, zikasaidia miezi ya mwanzo, halafu wateja wenyewe wakalalamika kwamba wanataka kuja na waume zao. Sasa wanaume wanaingia. Atakayemuuliza mwanamke asiyemjua "wewe unatumia ipi?" anatoka, na chenji yake namfuatishia barabarani. Mpaka sasa wametoka watatu. Wanawake waliozaliwa wakaitwa wavulana wanakuja pia, na hawaulizwi kitu ambacho wengine hawaulizwi.

Mfuko wa kubebea uwe wa karatasi ya kaki, bila maandishi. Mfuko mweusi wa nailoni kila mtu mtaani anaujua. Na angalia jina linalotokea kwenye taarifa ya benki: letu lilikuwa linatangaza kila kitu, mteja mmoja akapata kesi na mama mkwe, tukalibadilisha siku hiyo hiyo.

Mauzo ya upande wangu yalipita ya upande wa bosi mwaka wa pili, au mwanzo wa wa tatu, hesabu anazo yeye. Chumba cha DVD sasa ni cha darasa, viti kumi na birika. Bosi bado hawezi kulitaja neno vaibreta, anasema "zile zinazonguruma". Ule ukuta tuliupaka nyeupe, mikono mitatu, na pinki bado inachungulia pembeni mwa swichi. Yale madebe mawili ya stoo hayajafunguliwa. Kama uko Toronto na una mtoto anabatizwa, njoo uyachukue.