Kuisoma timu ya chuo kidogo baada ya mechi tano

Ligi ikishafika mechi ya tano, picha ya msimamo inaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa kikapu hapa Dar, na timu za vyuo ndizo zinazohukumiwa kwanza. "Hawa mwaka huu hamna kitu." Halafu mechi ya tisa au ya kumi timu ile ile inamfunga mkubwa, na watu wanashangaa imetokea wapi.

Haikutokea popote. Msimamo wa mechi tano hausemi chuo kidogo kina ubora gani. Unasema kilikutana na nani, siku hizo walifika wachezaji wangapi, na kilipoteza mipira mingapi. Yote matatu yanapimika kwa daftari na kalamu.

Kwanza pointi zenyewe, maana hapo vyuo vinajiumiza bila sababu. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ukishinda unapata pointi 2, ukifungwa unapata 1, na usipotokea unapata 0 huku ukiandikiwa kipigo cha 20 kwa 0. Timu isiyo na wachezaji watano tayari kucheza dakika 15 baada ya muda wa kuanza imepoteza. Sasa weka hilo kwenye Dar ya siku ya kazi: mechi saa 10 jioni, kipindi cha mwisho kimeisha saa 9 na nusu, na Barabara ya Mandela haisogei. Chuo kinaweza kuwa na majina 12 kwenye fomu na bado kikakosa watano uwanjani. Panga watano wa kutangulia tangu jana yake, wale wasio na kipindi mchana huo, na mfuko wa jezi uende nao. Mfuko ukibaki na mtu wa mwisho kuondoka chuoni, hata wakifika kumi hamna timu. Kwenye msimamo, aliyefungwa mechi zote tano ana pointi 5. Aliyefungwa nne na kutotokea moja ana 4, na hiyo moja huwa inatafutwa kwa tochi mwisho wa msimu.

Timu zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza ni mechi zilizowakutanisha zenyewe, kisha tofauti ya vikapu (pointi ulizofunga toa ulizofungwa) katika mechi hizo hizo. Kwa hiyo kufungwa kwa 4 na mpinzani wa daraja lako si sawa na kufungwa kwa 14. Timu nyingi za vyuo zikiona zimeachwa kwa 8 na zimebaki dakika mbili, zinaanza kurusha ovyo kutoka mbali, na nane inakuwa kumi na sita. Ukiwa na mpinzani mtakayegombea naye nafasi, dakika hizo mbili zichezwe kama mechi bado iko sare.

Sasa ratiba. Kushinda tatu na kufungwa mbili hakuna maana mpaka ujue ni nani. Fanya hivi: kwa kila mpinzani uliyecheza naye, chukua wastani wa tofauti yake ya vikapu katika mechi zake nyingine, ukiacha ile aliyocheza na wewe. Tuseme ulimfunga timu fulani kwa 12, lakini wengine wanamfunga kwa wastani wa 20. Ushindi wako ule ni hasi 8. Ulifanya vibaya kuliko timu ya kawaida ya ligi. Na ulipofungwa kwa 6 na vinara wanaowapiga wengine kwa 25, hiyo ni chanya 19, na huenda ndiyo mechi yako bora kuliko zote tano. Jumlisha, gawanya kwa tano. Namba inayotoka ni ya kukadiria, lakini inasema ukweli kuliko picha ya WhatsApp.

Kisha gawanya mechi kwa robo, na hapa ndipo chuo kidogo kinapojionyesha waziwazi. Mechi ya dakika 40 ina dakika 200 za kugawana, watano mara arobaini. Wakija kumi, kila mmoja anacheza wastani wa dakika 20. Wakija saba, ni karibu 29. Wakija sita, 33 na ushee, kwenye saruji, kwenye jasho la Februari la Dar. Jumlisha tofauti ya robo ya kwanza kwa mechi zote tano, halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Ukipata kitu kama chanya 9, chanya 4, hasi 3, hasi 22, acha kulaumu mfumo wa kocha. Timu hiyo inajua kucheza, haina watu. Mmoja yuko fildi mkoani, mwingine ana sapu, wa tatu amefika mapumziko. Dawa yake ni kocha kuipata ratiba ya mitihani na mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajili, na kujaza fomu kwa watu wa miaka na kozi tofauti. Ukisajili wanane wa darasa moja, wataondoka wote wiki moja.

Benchi fupi linaleta tatizo la pili: faulo. Mchezaji anatoka kwa faulo ya tano, na timu ikifikisha faulo tano kwenye robo, mpinzani anapewa mitupo huru miwili. Wakubwa wanalijua hili. Wanamshambulia mtu mrefu wenu wa pekee mapema, anakula faulo ya tatu robo ya pili, na hesabu yenu imeharibika. (Vyuo vidogo havipati kina Hasheem Thabeet, wengi wana mrefu mmoja, na mara nyingi ni mtu wa mita 1 na sentimita 92 aliyeanza kikapu akiwa kidato cha tano.) Makocha wengi wanakimbilia zoni ya 2-3 kumficha, yaani kila mmoja analinda eneo badala ya mtu, wawili mbele na watatu nyuma. Inasaidia, ila ina bei yake: kwenye zoni hakuna mwenye mtu maalumu wa kumzuia mgongoni mpira ukipigwa, kwa hiyo ribaundi za mbele za mpinzani (mipira anayoidaka tena baada ya kukosa) zinapanda. Ukienda zoni, hesabu ribaundi hizo kwa robo hiyo peke yake. Zikizidi tano, umemlinda mrefu wako na kutoa vikapu vya bure.

Nisisitize jambo moja hapa, kwa sababu video zake zinasambaa na vijana wanazipenda. Grinnell, chuo kidogo cha Iowa kule Marekani, kilijulikana kwa kubana uwanja mzima muda wote, kubadilisha wachezaji kwa makundi kila baada ya muda mfupi na kurusha pointi tatu mfululizo. Novemba 20, 2012 mchezaji wao Jack Taylor alifunga pointi 138 katika mechi moja, akirusha mara 108, na 71 kati ya hizo zilikuwa za pointi tatu. Watu wanaona 138. Hawaoni benchi. Mfumo ule unakula watu. Unahitaji makundi ya watano watano yenye pumzi mpya. Timu ya wachezaji saba ikiubana uwanja mzima kwa robo mbili, robo ya tatu inatembea.

Tuje kwenye mipira iliyopotea, ambako naona ndiko mechi nyingi za mwanzo zinapotelea. Chukua mfano wa timu iliyofungwa 63 kwa 57. Imerusha mara 58, zimeingia 22, nne kati yake za pointi tatu. Mitupo huru 18, imeingia 9. Ribaundi za mbele 10. Mipira iliyopotea 21. Idadi ya mashambulizi inapatikana hivi: mirusho, toa ribaundi za mbele, jumlisha mipira iliyopotea, jumlisha mitupo huru mara 0.44. Yaani 58 toa 10, jumlisha 21, jumlisha 7.9, karibu 77. (Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru huja miwili miwili, na mingine huja juu ya kikapu kilichokwisha kuingia, kwa hiyo mtupo mmoja si shambulizi zima.)

Mashambulizi 77 yameleta pointi 57. Lakini 21 kati yake yaliishia mikononi mwa mpinzani bila hata kurusha. Yaliyobaki ni 56, na hayo ndiyo yaliyoleta pointi zote 57: zaidi kidogo ya pointi moja kwa kila shambulizi lililofika mwisho. Maana yake, timu hiyo ingepoteza mipira 15 badala ya 21, ingeongeza pointi sita. Walifungwa kwa sita. Na hapo hatujagusa vikapu rahisi ambavyo mpinzani alivipata kwa kukimbia na mipira ile. Mitupo huru nayo: kwa asilimia 65 tu, 18 inaleta karibu 12 badala ya 9. Pointi tatu zimeachwa kwenye mstari ambao hakuna anayekuzuia.

Usiandike tu "21". Andika namna ulivyopotea: P ikiwa pasi, D ikiwa dribo, S ikiwa stepu (kutembea na mpira), namba 8 ikiwa sekunde nane zimeisha kabla ya kuvuka katikati, namba 5 ikiwa mpira haukurushwa ndani kwa sekunde tano. Kila herufi ina dawa yake. S nyingi kwenye uwanja wa nje mara nyingi ni vumbi na soli zilizoisha. Mguu wa egemeo unateleza, refa anapuliza. Fagia kabla ya mazoezi, weka kitambaa chenye maji pembeni cha kufutia soli. P nyingi mkiwa mmebanwa baada ya kufungwa huanzia kwa yule anayerusha mpira ndani: anasimama nyuma ya kikapu, ubao unamziba, anapiga pasi ndefu juu. Baada ya kikapu kuingia anaruhusiwa kusogea kwenye mstari wote wa nyuma. Asogee pembeni mita mbili, mmoja aje kwake kwa pembe, mmoja asimame katikati ya uwanja akiangalia nyuma. Dakika kumi za zoezi hilo kila mazoezi kwa wiki mbili, na herufi P na namba 8 zinaanza kupungua kwenye daftari.

Kurusha ndiko nisikokuamini baada ya mechi tano. Timu ikirusha pointi tatu 15 kila mechi, jumla ni 75. Timu ambayo uwezo wake halisi ni asilimia 28 inaweza kuonyesha 23 au 33 kwa bahati tu, bila mtu kubadili chochote. Na kwetu kuna mambo ya uwanja. Ringi nyingi za nje ni ngumu, hazina springi. Mpira ukigonga chuma unaruka mbali, hivyo ribaundi zinaangukia karibu na mstari wa mitupo huru na si chini ya kikapu. Gadi, yule mchezaji wa nje anayeongoza mpira, ashuke hatua mbili badala ya kukimbilia mbele. Kusi ikivuma jioni, mrusho wa mita 6.75 unasogea, ila leyapu, kikapu cha chini ya ringi, haisogei. Kwa hiyo timu iliyocheza mechi tatu za nje na mbili ukumbini isichanganye asilimia zake. Ziandikwe safu mbili.

Kuna chuo kingine cha Marekani ninachokitaja kila ninaposikia watu wakitaka kuvunja timu mapema. Caltech, chuo cha wanasayansi huko Pasadena, kilifungwa mechi 310 mfululizo za ligi yake, tangu 1985. Februari 22, 2011 kikaifunga Occidental 46 kwa 45. Kinacheza daraja ambalo vyuo havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kama vyuo vyetu vingi ambavyo mchezaji analipa ada kama mwenzake. Anayeutazama msimamo tu, mwaka hadi mwaka, anaona safu ile ile ya sifuri.

Nimalizie na daftari lenyewe, maana likikosewa hesabu zote hapo juu ni bure. Lisishikwe na mchezaji wa akiba. Kwenye benchi la watu saba ataitwa kuingia, na robo ya tatu itabaki nyeupe. Tafuta wawili wasiocheza: mmoja anaangalia mpira tu na kutaja kwa sauti, "saba, amerusha, amekosa, ribaundi yetu", mwingine anaandika bila kuinua kichwa. Kila robo ukurasa wake. Robo ikiisha, linganisheni jumla ya pointi na meza ya waamuzi hapo hapo, kabla robo nyingine haijaanza, kwa sababu kosa la robo ya kwanza likigunduliwa mwisho wa mechi hakuna tena anayekumbuka kikapu kilichosahaulika kilikuwa cha nani.